Tupeane uzoefu: bibi zetu waliokimbia Bengali ya Mashariki (Bangladesh ya leo) walianzaje upya Calcutta, India?

Mwanzisha mada, Nairobi

Heshima kwenu wanajukwaa. Bibi yangu mzaa mama alitoka Barisal, huko Bengali ya Mashariki, baada ya machafuko ya Wahindu na Waislamu ya Februari 1950, akashukia stesheni ya Sealdah, Calcutta, na watoto wawili na sufuria moja. Habari za mpaka wa India na Pakistan uliochorwa mwaka 1947, ukaiacha Bengali ya Mashariki upande wa Pakistan, tunazo nyingi. Ninachoomba tukusanye hapa ni kazi walizoanza nazo wanawake wale, ambao wengi hawakuwahi kutoka uani kutafuta riziki.

Kwetu ilikuwa vifuko vya karatasi. Bibi alinunua magazeti makuukuu kwa uzito, akayakata, akayagandisha kwa uji mzito wa unga wa ngano na kuyaanika sakafuni, hata watoto wakawa wanapita wakiambaa ukutani, na jioni muuza dengu alikuja kuvihesabu na kuvichukua. Babu, aliyekuwa karani kwao, alikaa karibu mwaka mzima bila kazi, na hakuwahi kukiri mbele ya wageni kwamba wali waliokula ulitokana na vifuko hivyo. Nadhani hilo lilimuuma bibi kuliko njaa, ingawa alilisema mara moja tu, tena akicheka.

Mchangiaji, Dodoma

Mimi si wa ukoo huo, ila nilipokuwa nasoma Jadavpur, kusini mwa Calcutta, nilipanga chumba Bijoygarh, mtaa ambao wakimbizi waliuanzisha wenyewe katika kambi ya jeshi iliyoachwa baada ya vita. Mama mwenye nyumba alinieleza kwamba katika makazi yale ya kujitwalia, wahuni wa wenye ardhi walipokuja usiku kubomoa vibanda, wanawake walipuliza makome ya ibada ili kuamshana, kisha wakasimama mbele ya wanaume. Yeye na dada yake walikuwa na sari moja tu ya kutokea. Dada alifundisha shule asubuhi, akirudi anaivua, naye anaivaa kwenda kujifunza kupiga taipu. Tramu ikichelewa, kipindi kimempita.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mama mkwe wangu alikulia katika kambi ya wakimbizi ya Ranaghat, kaskazini mwa Calcutta, na mama yake mjane. Wanawake wasio na mwanamume wa kuwatunza waliandikishwa na serikali katika kundi lililoitwa "mzigo wa kudumu", jina ambalo mpaka leo hapendi litajwe mezani. Mzigo huyo alishona blauzi kwa malipo ya kila kipande, na fedha akazificha ndani ya gunia la mchele, akihofu kwamba zikijulikana atakatiwa posho.

Mwanzisha mada, Nairobi

Ahsante, dada. Umenikumbusha kwamba bibi naye alikuwa akimtajia babu hesabu pungufu ya vifuko. Ada ya shule ya mama yangu ilitoka kwenye vile ambavyo havikutajwa.