Ushauri: Fundi wa visu niliyemwamini kaniuzia chuma sicho, na watu niliowapeleka kwake wananiuliza mimi

KinooKikavu
Wakuu habari za humu ndani, naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo ni refu kidogo na limeninyima raha kabisa.

Mimi ni mpenzi wa visu vya kufuliwa kwa mkono, sio mfanyabiashara, nanunua vya kutumia. Kuna fundi mmoja (jina naliacha kwanza) nimekuwa namfuatilia muda mrefu sana, kazi yake safi, mpini unakaa mkononi vizuri, ala imeshonwa kwa uzi uliotulia, yaani ukikishika tu unajua huyu mtu ana mkono. Nikachukua kwake kisu cha jikoni, akaniandikia mwenyewe kwamba bapa ni 1095 na mpini ni mpingo. Nilikitaka kwa sababu hiyo hiyo, maana 1095 ni chuma cha kaboni, ukikata limau ukachelewa kupangusa unakuta kimeweka madoa ya kijivu na bluu, na kadri unavyotumia ile rangi inatanda bapa zima, kila kisu kinatoka na sura yake kutokana na mwenye nacho.

Sasa hiki changu kinang'aa vile vile tangu kimefika. Nikasema labda nakifuta mno, nikakipaka maji ya limau makusudi nikakiacha usiku kucha, asubuhi hakuna hata doa. Alafu mpini nikiushika na mikono mibichi unaacha weusi kwenye kitambaa.

Nikamfuata kistaarabu nikamuuliza. Jibu la kwanza akasema ni 1095 ila ameipolishi sana ndo maana haishiki rangi. Nilipomuuliza tena akasema ni chuma cha kaboni "kilichoboreshwa". Nikamwomba anieleze kimeboreshwa na nini, hapo ndo akasema aliyemuuzia vipande alimwambia ni 1095 na yeye hana namna ya kujua. Majibu matatu kwa swali moja wakuu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu kadhaa wamenunua kwake kwa maneno yangu mimi. Mmoja wao ana kisu cha Damaski (kile chenye mawimbi kwenye bapa) cha huyo huyo fundi, juzi amekipitisha msasa karibu na makali na yale mawimbi yamefutika, sasa ananiuliza na hicho nacho feki au vipi.

Nifanyeje? Nikirudishe kimya kimya? Niweke hadharani? Naogopa kumharibia mtu riziki kama kweli na yeye alitapeliwa, na naogopa pia kunyamaza watu wakaendelea kununua. Nawasilisha.

MfuaVyuma
Pole sana mkuu. Mimi nafua visu kwahiyo nikujibu la chuma kwanza.

Habari ya kupolishi haipo. Chuma kilichong'arishwa sana kinachelewa kidogo kushika rangi ila limau usiku kucha kwenye 1095 lazima ungekuta pameharibika. Hicho chuma kina kaboni kama 0.95% na manganizi kidogo basi, hakina kromi ya kukikinga. Chuma kisichoshika kutu kinaanzia kromi 10.5% kwenda juu na hapo ndipo kinapojitengenezea utando mwembamba usiouona kwa macho. Kwahiyo ulicho nacho ni aina fulani ya stenlesi, hapo sina wasiwasi.

Lakini sikiliza hili maana ndo litakusaidia kujua kama alitapeliwa au alijua. 1095 unaipasha kwenye nyuzi joto 800 za Selsiasi hivi kisha unaitumbukiza haraka kwenye oili inayopoza upesi, ukichelewa kidogo tu haikazi, yaani haiwi ngumu. Stenlesi za visu zinataka nyuzi 1000 na zaidi, na zinataka zikae kwenye moto huo dakika kadhaa ndo kaboni iyeyukie ndani ya chuma. Sasa chukua fundi aliyedanganywa, ana stenlesi mkononi anadhani ni 1095, ataipasha kama 1095 na itatoka LAINI. Kisu kitajikunja makali, utanoa kila siku. Kwahiyo swali langu kwako ni moja, hicho kisu kinakaa na makali?

Kama kinakaa vizuri basi kuna mtu alikikaza akijua ni stenlesi. Labda ni yeye, labda kiwanda fulani na yeye kanunua bapa tayari akaweka mpini tu.

Nyundo_na_Fuawe
Mfua umesema kweli tupu. Naongezea kwamba hata kama alidanganywa, kila fundi akishatoa chuma kwenye oili anapitisha tupa, ikiteleza amefanikiwa iking'ata amekosa. Hakuna anayeruka hiyo hatua, sasa atasemaje hana namna ya kujua.

Mtulivu77
Mimi naomba tusiende haraka wakuu. Biashara ya vipande vya chuma ina uongo mwingi na fundi mdogo hana mashine. Mtu anakuandikia 440 (aina ya stenlesi) bila herufi, wakati 440A ina kaboni 0.60 hadi 0.75% na 440C ina 0.95 hadi 1.20%, hivyo ni visu viwili tofauti kabisa ukija kwenye makali. Au spring za lori, watu wote wanasema ni 5160 (chuma maarufu cha spring) na kweli nyingi ni hiyo ila si zote, kuna spring za chuma kingine kabisa.

Kuna fundi namfahamu aliletewa shehena ya chuma sicho, alipogundua wakati anakaza aliwatafuta mwenyewe wote waliokwisha chukua visu vya fungu hilo kabla hajaulizwa na mtu, akawaambia chuma sicho, anayetaka hela yake arudishiwe, anayetaka kingine asubiri. Karibu wote walibaki nae mpaka leo. Mpe huyu wako nafasi ya kufanya hivyo.

Binti_Mhunzi
Mtulivu nakuheshimu kaka yangu ila soma tena alichoandika mwenye uzi, nafasi alishapewa mara tatu. Huyo wa kwako alisema kabla ya kuulizwa, huyu anabadilisha jibu kila akibanwa. Mtu akikosea chuma mimi namsamehe, imenitokea nimeuziwa kipande kimoja kina alama ya rangi ya kingine. Lakini akinitengenezea maelezo kuhusu kupolishi ambayo mtu yeyote wa kazi hii anajua si kweli, siwezi tena kuamini hata anachosema kuhusu ala.

Sasa mkuu Kinoo, kuhusu yule wa Damaski naomba umwambie ATULIE. Mawimbi kufutika kwa msasa peke yake sio ushahidi. Damaski ya siku hizi ni tabaka za vyuma viwili zimeunganishwa kwa moto na nyundo, mara nyingi 1095 na 15N20, hii ya pili ina nikeli kama 2%. Zikiwa tupu zote zinafanana rangi, asidi ndo inaitia giza 1095 na kuiacha yenye nikeli iking'aa, hapo ndo unaona mawimbi. Ukipiga msasa unaondoa lile giza la juu, hata kwenye Damaski halisi kabisa.

Kipimo ni kurudisha. Asafishe lile eneo kwa sabuni na spiriti mafuta yote yatoke, apake feriki kloraidi iliyozimuliwa na maji (ile mafundi elektroniki wanatumia kula shaba kwenye bodi), avae glavu, awe sehemu yenye hewa, isiguse mpini. Asubiri dakika chache, asuuze, apake magadi kuua asidi kisha mafuta. Mawimbi yakirudi yale yale na yakaungana na yaliyo pembeni ambayo hayakuguswa na msasa, ni halisi. Pasiporudi kitu au pakawa rangi moja tu ya kijivu, ilikuwa picha imechorwa juu. Aangalie pia mgongo wa kisu, tabaka halisi zinavuka mgongo, mchoro wa leza mara nyingi unaishia kwenye bapa.

Mkweche
Mnamwonea tu jamani. Kisu kinakata hakikati? Kinakata. Tena stenlesi haishiki kutu, amepewa kitu bora zaidi ya alichoomba. Wengine mngeshukuru.

KinooKikavu
Mkweche sikatai kwamba kinakata. Ila mimi sikuomba bora, niliomba 1095 na nikalipia 1095. Na sio jina tu, hata kunoa ni tofauti, jiwe ninalotumia kwenye vyuma vyangu vya kaboni linateleza kwenye hiki, na kama siku moja ningempelekea fundi mwingine akikaze upya angekipasha kwa moto wa 1095 akakiharibu, wakati kosa sio lake. Ile rangi pia ndo nilikuwa naisubiri, hamjui tu.

MfuaVyuma nimekusoma na kwakweli umenipa kitu cha kushika. Kisu kinakaa na makali vizuri SANA, hilo ndo lilinifanya nichelewe hata kumshuku. Nikatafuta tupa mpya nikaijaribu kwenye kisigino cha makali pale karibu na mpini ambapo hapaonekani, inateleza kabisa haing'ati, sauti yake ni kama unapitisha kwenye kioo. Kwahiyo kilikazwa na mtu anayejua.

FundiMaabara
Naongea kama mtu wa vipimo. Ukitaka karatasi ya kuthibitisha, jua unaomba nini. Kile kifaa cha mkononi cha miale ya X wanachokiita XRF hakisomi kaboni, kaboni ni nyepesi mno kwake. Watu wanapeleka kisu, wanaletewa orodha haina kaboni, wanaanza kugombana kwamba kipimo kibovu. Kaboni inasomwa na mashine ya cheche (OES), nayo inaacha alama ya kuungua kwenye chuma.

Ila kwa kesi yako huhitaji kaboni hata kidogo. Unataka kuthibitisha tu kwamba hii siyo 1095, na kwa hilo kromi inatosha. XRF ikikuonyesha kromi 13 au 14% mjadala umeisha, na kisu hakidhuriki. Tafadhali usiniletee habari ya sumaku, stenlesi za visu zinazokazwa zote zinavutwa na sumaku, hapo watu wengi wanadanganyika.

Nyundo_na_Fuawe
Na mpini usiusahau. Weusi kwenye kitambaa sio hukumu, mpingo una mafuta yake na ukiusugua na spiriti unaweza kutoa rangi kidogo. Tafuta sehemu iliyojificha ukwangue kwa wembe, moyo wa mpingo, ambao ndo unatengenezewa mipini, ni mweusi au kahawia iliyoiva mpaka ndani. Ukikuta ndani kweupe huo sio moyo wa mpingo, ni mti umepakwa rangi.

KinooKikavu
Nimekwangua pale mpini unapokutana na bapa, upande wa chini. Rangi nyeusi ni nyembamba kama ganda la kitunguu, chini yake mti ni wa njano njano hivi na nyuzi zake ni pana. Nimekaa nimeuangalia muda mrefu.

Hapo Mtulivu kaka yangu nimeshindwa kumtetea. Chuma angesema aliuziwa, sawa. Mti aliukata mwenyewe, aliona rangi yake ndani wakati anatoboa matundu ya pini.

Mtulivu77
Kwenye mti umenimaliza. Anayetoboa mpini anaona vumbi la rangi gani linatoka, na vumbi la mpingo halifichiki. Narudisha maneno yangu. Bado nasema usimtukane.

Binti_Mhunzi
Hatukani mtu. Mimi ningefanya hivi mkuu. Leo hii waandikie wale uliowapeleka, mmoja mmoja kwa inbox, uwaambie ulichokuta kwenye kisu CHAKO na jinsi ulivyopima ili wapime vya kwao. Hao wana haki ya kujua kabla ya mtu mwingine yeyote maana walinunua kwa neno lako. Kisha mwandikie fundi ujumbe mmoja tu, picha ya mpini uliokwanguliwa, matokeo ya tupa, kama umepata XRF weka, na uombe hela yako yote irudi. Mpe muda maalum. Usimuulize tena kwanini, utapata jibu la nne.

KinooKikavu
Na hadharani je? Akirudisha hela ninyamaze?

MfuaVyuma
Hapana usinyamaze, hata akirudisha. Hela yako ni yako, ila bado anaandika 1095 na mpingo kwenye visu vipya na kuna mtu anasoma sasa hivi. Mimi hili linanigusa mwenyewe, kila mtu akichomwa na fundi mmoja anakuja kwangu ananiuliza maswali kama polisi, na simlaumu, maana akiangalia bapa langu hawezi kuona kaboni iliyomo, ana neno langu tu. Siku hizi naweka kipande cha kila fungu la chuma na risiti yake, mteja akitaka nampa akapime popote, na kisu ambacho sijui chuma chake naandika wazi chuma hakijulikani. Vinauzika pia, watu wanavinunua wakijua.

Ila andika kwa kipimo. Andika alichokuambia kwa maneno yake, ulichopima na ulivyopima, alichojibu, tarehe. Neno tapeli usiliweke, wala kwamba ananunua bapa kiwandani, maana hilo hatulijui, tunalihisi. Unachokijua kwa hakika ni kwamba chuma sicho, mti sio, na majibu yalibadilika. Akija na risiti ya chuma na maelezo yanayoingia akilini, yaweke pale pale chini ya posti yako.

KinooKikavu
Sawa wakuu, asanteni kutoka moyoni. Naanza na wale wa inbox usiku huu, ujumbe kwa fundi nautuma kesho na nampa wiki mbili. Nikishaandika hadharani nitaleta hapa mnisomee kabla sijapost.

Binti_Mhunzi
Vizuri. Na yule wa Damaski usimtaje kwenye hiyo posti mpaka arudishe mawimbi kwa asidi. Yakirudi, kisu chake ni halali na itabidi useme hivyo pia.