Je, wakulima wa Kanda ya Ziwa hawakupinga ukoloni?

Mwanafunzi wa Nyegezi
Shikamooni wakubwa zangu. Ninaandika insha kuhusu upinzani wa wakulima dhidi ya ukoloni, na karibu kila kitabu kinanipeleka kusini, kwa Wamatumbi waliong'oa miche ya pamba mwezi Julai 1905 na vita vya Maji Maji vilivyofuata hadi 1907. Usukumani pamba imelimwa miaka mingi, lakini sioni vita vya namna hiyo. Je, wazee wetu walitii tu?

Mzee wa Magu
Marahaba, mwanangu. Hawakutii, ila ugomvi wao ulikuwa mwingine. Kusini, Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo duni mno, kwa hiyo shamba lenyewe likachukiwa. Huku kwetu, baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima aliitaka pamba kwa sababu ilimpa fedha ya kodi na ya kununulia ng'ombe. Aliyemkera ni mnunuzi. Familia ilipalilia, ikachuma, ikatenganisha pamba safi na fifi, yaani ile iliyochafuka, kisha mzigo ukabebwa kichwani hadi gulioni, na huko mnunuzi ndiye aliyeshika mizani, akasoma uzito na kutamka daraja, huku mwenye pamba akitazama tu. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao, ili mzigo upimwe kabla haujafika kwa mnunuzi. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini mimi naliona kuwa upinzani kamili, kwa sababu lilimnyang'anya mnunuzi uwezo wa kusema peke yake. Mwaka 1952 Paul Bomani aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na kufikia 1955 vyama vya ushirika vilikuwa vimeungana katika shirikisho moja lenye makao yake Mwanza.

Binti wa Geita
Naomba kuongeza, Mzee wangu, kwamba serikali nayo haikuachwa salama. Mpango wa maendeleo wa Usukuma, ulioanza 1947, ulikuja na amri nyingi: kulima kwa matuta, kupanda mihogo, kupunguza ng'ombe, na aliyekaidi alipelekwa kwenye baraza la mtemi akatozwa faini. Fikirini mama aliyekuwa akikimbizana na mvua za kwanza, kisha akaamriwa ainue udongo mstari kwa mstari kwa jembe la mkono, wakati mtama wake haujapandwa. Kuhusu ng'ombe hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kwa Msukuma ng'ombe ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa, na kumwambia auze ni kumwambia avunje nyumba ya mwanawe.

TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, hivyo malalamiko hayo yalipitia zaidi kwenye ushirika. Mwaka 1958, serikali ilipowaletea watu wa Geita halmashauri ya wilaya ya watu wa rangi zote ambayo hawakuiomba, umati ulisafiri hadi Mwanza, ukapiga kambi mjini, na polisi wakautawanya kwa mabomu ya machozi. Halmashauri ile haikudumu, na mwaka huohuo serikali ikaacha kuzisimamia kwa nguvu amri za kilimo.

Mtaalamu wa Udongo, Ukiriguru
Nakubaliana nanyi, lakini mwanafunzi asiandike kwamba matuta yalikuwa ujinga. Mmomonyoko ulikuwapo kweli, na matuta huzuia maji yasikimbie na udongo. Kosa lilikuwa kumfanya mtemi, aliyelipwa mshahara na serikali, kuwa mtoza faini wa watu wake mwenyewe. Heshima yake ilipungua, na ndiyo maana utemi ulipofutwa baada ya uhuru, pingamizi kutoka kwa wakulima hazikuwa kubwa.

Mwanafunzi wa Nyegezi
Ahsanteni sana. Nitaanza insha na mizani, kisha nitakwenda Geita.