MJADALA: Mvutaji sigara ufukweni alazimishwe kutembea na kopo lake la vipisi, ndio au hapana?

mwanaPaje (mleta mada)

Wadau habari za leo. Hii mada nimekaa nayo kichwani muda sasa naona niilete tuijadili, ila naomba mtu asome yote kwanza ndio aanze kurusha mawe. Swali lenyewe: kwenye fukwe zetu hizi za mashariki ya Unguja, Bwejuu, Paje, Jambiani, mtu anaevuta sigara alazimishwe kuwa na kitu chake cha kuzimia na kuwekea kipisi, au tuendelee hivi hivi?

Nianze kwa kusema mimi navuta, mwaka wa 14 huu, kwa hiyo asije mtu akaniambia nawachukia wavutaji. Na kazi yangu ni kwenye nyumba ya wageni, asubuhi kabla hawajaamka napiga reki mchanga mbele ya vitanda vya jua. Reki inakamata majani, inakamata chupa, inakamata kandambili, lakini kipisi hakikamati, kinapita katikati ya meno kinazama chini, kwa hiyo unainama unaokota kimoja kimoja kwa vidole mpaka mgongo unauma. Unamaliza leo, kesho vipo vilevile, na vingine vyangu mimi mwenyewe nilikuwa navifukia kwa kidole cha mguu nikijua hakuna anaeniona.

Kilichonibadilisha ni kaka yangu, ni baharia, alirudi na kifuko kutoka Japani. Ukikiona utadhani pochi ya kuwekea chenji, ila ndani kimepakwa karatasi ya alumini na mdomo una kifungo cha kubana. Unaingiza sigara ikiwa bado inawaka, unabana, hewa inaisha mle ndani moto unakufa wenyewe, basi. Hakuna kukanyaga hakuna kusugua ukutani. Vipo vya bati vya duara vyenye kifuniko, vipo vya bomba, lakini kazi ni ile ile, kuunyima moto hewa na kukibakisha kipisi kwako mpaka ufike penye pipa. Kule kinauzwa kwenye duka lilelile linalouza sigara. Mimi changu kilishachoka sasa hivi natumia kopo la kiwi, lile dogo la dawa ya viatu, nimeliosha vizuri nikaweka mchanga kidogo chini, kifuniko chake kinabana kweli kweli na harufu haitoki sana kama hujalijaza.

Kwa nini nataka iwe lazima na sio hiari? Moja ni moto. Mwaka juzi mwezi wa pili, upepo wa kaskazi umekaza, makuti yamekauka kama karatasi, banda la kulia chakula la jirani yetu liliungua lote. Mgeni alichomeka kipisi kwenye ufa wa nguzo ya mnazi akajua kimezima. Hakikuzima. Sigara ikishaachwa inajila yenyewe taratibu kwa ndani, upepo ukipita ndio inaamka. Tulipanga mstari wa ndoo kutoka baharini lakini makuti yakishashika hayasubiri ndoo, nilisimama na ndoo mkononi naangalia paa linaingia ndani, na wapishi wawili wakakaa miezi mitatu bila kazi. Kwa kitu cha urefu wa kidole.

Pili, watu wengi wanadhani kichungi ni pamba. Sio pamba wakuu, ni plastiki, inaitwa selulosi asetati, imesokotwa nyuzi nyembamba ndio maana inafanana na pamba. Haiozi kama karatasi, inakatika katika inakuwa vinyuzi. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko ya rambo toka 2006, bara wakafuata tarehe 1 Juni 2019, mama wa watu anakamatwa na rambo moja ya nyanya, halafu plastiki hii nyingine inatupwa mbele ya macho yetu mchana kweupe na hakuna anaeiona kuwa ni takataka. Shirika la Afya Duniani linasema vichungi kama trilioni 4.5 vinaishia kwenye mazingira kila mwaka.

Pendekezo langu: kila nyumba ya wageni na kila baa ya ufukweni impe mgeni anaevuta kopo lake akifika, kama anavyopewa taulo, na asieonekana nalo asivute mchangani. Karibuni.

pweza_mkavu

Mkuu nakuheshimu ila hapa umekosea njia. Mvutaji ananunua sigara imeshakatwa kodi, anafukuzwa ndani, anafukuzwa barazani, sasa hata nje kwenye upepo wa Mungu unataka atembee na jaa lake mfukoni, suruali inuke. Weka ndoo ya mchanga kila hatua 30 uone kama watu hawatazitumia. Watu wanatupa chini kwa sababu hakuna pa kutupa, full stop. Na hiyo lazima yako nani ataisimamia? Wataishia kukamatwa vijana wetu mapapasi, hawa wanaotembeza wageni, na wavuvi, mzungu ataachwa kwa sababu ana dola.

mwana_wa_Tudor

Hapo kwa mapipa mimi naongea kama mtu wa Kenya. Sheria ya tumbaku tunayo toka 2007, kuvuta maeneo ya umma hairuhusiwi, na mjini kuna sehemu maalum za kuvutia. Pita hapo jioni uangalie chini. Pipa lipo, vipisi viko pembeni ya pipa. Sisemi mapipa hayasaidii, nasema mtu akishazoea kurusha mkono unarusha wenyewe.

mpanda_kotonii

Assalaam aleykum. Mie si mvutaji wala si mtu wa hoteli, mie nnalima mwani Jambiani mwaka wa ishirini sasa, nimeona mada nikasema leo nami niseme.

Nyinyi mnazungumza mchanga. Kipisi hakikai mchangani. Maji yakijaa yanakibeba, yakitoka yanakileta kwetu, kwenye kamba tunazofungia mwani. Bamvua likija, yale maji yanayojaa na kupwa sana, sisi tunashuka asubuhi maji yakishakupwa, tunafunga mbegu, tunatoa uchafu kwenye mwani, na siku hizi kwenye kutoa uchafu vipisi ni vingi kuliko makombe. Vimevimba, vimenasa kwenye matawi ya mwani, rangi imeshakuwa ya njano ya majani kwa hivyo huvioni mpaka uguse. Tukianika, mnunuzi anapitisha mkono, akikuta uchafu anakata bei, na yeye hakuulizi uchafu umetoka kwa nani. Bei yenyewe mnaijua. Kotonii, aina moja ya mwani, maji yakipata joto inakufa, spinosamu, aina nyingine, bei yake ya kusikitisha, halafu juu yake nikatwe kwa sigara ya mtu nisiyemjua aliyevuta akilala chali.

Mie hilo kopo nnaliunga mkono mia kwa mia. Na wavuvi wetu nao wapewe, waume zetu nao wanatupa, tusisingizie wageni peke yao.

ughaibuni77

Mimi nitapinga, na napinga nikiwa upande wa huyu mama hapo juu, naomba nieleweke hivyo.

Mleta mada, wazo la ashtrei ya mfukoni sio jipya na wanaolipenda sana ni watengeneza sigara wenyewe. Kuna watafiti Marekani walipitia nyaraka za ndani za kampuni za tumbaku, wakachapisha 2011. Wakaonyesha kampuni zilishahangaika miaka mingi na vichungi vya kuoza, na kampeni za usitupe ovyo, na kugawa ashtrei za kubeba, na mwisho wake tabia ya kurusha kipisi haikubadilika. Kilichobadilika ni mazungumzo, watu wakaacha kuuliza nani anatengeneza hii plastiki wakaanza kulaumiana nani ameitupa. Ndio ninachokiona kwenye huu uzi.

Kichungi kiliingia kwa nguvu miaka ya 1950 watu walipoanza kuogopa saratani, wakaambiwa hiki kitakukinga, na sigara haikuwa salama kwa sababu yake. Sasa kama hakimkingi mvutaji na kinaua samaki, kwa nini kiwepo kabisa? Na kinaua kweli: San Diego, huko huko Marekani, mwaka huo huo 2011, waliloweka vipisi kwenye maji na samaki wadogo, wakakuta kipisi kimoja kilichovutwa kwa lita moja ya maji kinatosha kuua nusu ya samaki ndani ya siku nne. Kipisi kimoja!

Umoja wa Ulaya sheria yao ya 2019 inamtaka mtengenezaji alipie gharama za kusafisha vichungi. Ufaransa 2025 wamepiga marufuku kuvuta ufukweni kabisa, faini yuro 135. Mgeni huyo huyo wa Kifaransa akitua Unguja anapewa kopo na tabasamu. Kwa nini huku kwetu tuombe kidogo kuliko wanachokubali kwao?

mwanaPaje (mleta mada)

Nimesoma zote, mbili nimezisoma mara tatu.

pweza_mkavu, ndoo za mchanga nilishaweka, nne, toka mwaka jana. Wanazitumia walio karibu nazo. Anaetembea kufuata maji anavuta huku anatembea, na yeye ndie anaemtupia mama wa mwani, ndoo itamfuata mpaka wapi? Ila la kukamatwa wanyonge umesema kweli na sikuwa nimelifikiria. Basi faini isiwe kwa mtu, iwe kwa mwenye biashara: vipisi vikikutwa mbele ya eneo lako wewe mwenye nyumba unalipa, ndio utahakikisha mgeni wako ana kopo. Mwenye hoteli hakimbii na hajifichi.

ughaibuni77, sitabishana na ulichosema, nakubali kichungi kisiwepo na nakubali kampuni ilipe. Lakini kaka, hilo linapita serikalini, na uamuzi wa kuandaa mkataba wa plastiki duniani ulipitishwa Nairobi 2022 na mpaka leo wanavutana. Kaskazi haisubiri mkataba. Paa langu ni makuti leo. Na Japani nilikochukulia mfano wenyewe hawakuishia kwenye kifuko: kata ya Chiyoda pale Tokyo mwaka 2002 walikataza kuvuta barabarani, faini yeni 2,000, sababu moja kubwa ni kwamba sigara mkononi mwa mtu mzima anaetembea iko sawasawa na uso wa mtoto. Kuwa na kifuko mfukoni hakukusaidii pale. Kwa hiyo hata mimi siombi kopo liwe ruhusa ya kuvuta kila mahali, penye watoto hapana hata uwe na makopo kumi.

Bi mkubwa wa mwani, shikamoo. Maneno yako yameniingia kuliko yote, maana vile vipisi nilivyokuwa nafukia kwa mguu sikujua vinakwenda kwa nani. Naomba unisamehe kwa hilo.

Sasa nilipokwama ni hapa, na naomba msaada wenu wa kweli. Makopo yakijaa yanamwagwa wapi? Nikimwaga kwenye pipa la jikoni gari linapeleka jaani Kibele, mvua ya masika inapiga, sumu ile ile inashuka ardhini. Kwa sasa najaza chupa za maji za lita moja na nusu, nazifunga, nimeshapata saba ziko stoo. Nimepata na makopo ya kiwi 23 kwa mafundi viatu, nimewapa wavuvi sita na wageni, na Jumatatu nakwenda kwa sheha, kiongozi wetu wa serikali hapa mtaani, nikiwa na chupa hizo saba mkononi aone kwa macho yake. Kama kuna mtu anajua fundi au kiwanda kinachoweza kufanya chochote na hivi vichungi bila kuvichoma, aseme hapa kabla ya Jumatatu.

mpanda_kotonii

Marahaba mwanangu, nimeshakusamehe. Jumatatu ni bamvua, tunatoka majini saa tano. Nisubiri, twende pamoja kwa sheha, nami nitakuja na vya kwangu kwenye pakacha.