Manukuu ya Kiswahili: "he" na "she" zinapopotea kwenye filamu ya jeshi

Kondele_Manukuu:
Wadau, hamjambo. Tunatia manukuu ya Kiswahili kwenye filamu ya jeshi la Marekani, tuionyeshe hapa Kisumu. Mhusika mkuu ni luteni, mwanamke transjenda, yaani alipozaliwa alihesabiwa mwanamume. Kwenye gwaride kanali anamwita "he" mara nne kwa makusudi, koplo anajibu kwa "she" na kuadhibiwa. Nimeandika "yeye" na "a-" kote, ugomvi wote ukayeyuka. Mtazamaji hataelewa koplo amekosa nini. Tena "sir" na "ma'am" zote zimekuwa "afande". Nifanyeje?

Fundi_Nakuru:
Kiambishi "a-" hakibagui, kwa hiyo tusi lihamie kwenye nomino. Kanali: "Huyu bwana haamrishi mtu hapa." Koplo: "Madam ndiye afisa wangu, Kanali." Wakenya tunamwita mkubwa wa kike "madam" kila siku, hata kituoni, kwa hiyo mtazamaji atalipokea neno hilo bila kushtuka. "Afande" iache kila mahali ambapo jinsia si hoja.

Pima urefu. Mstari wa kanali una herufi 30 pamoja na nafasi, wa koplo 32. Kikomo cha kawaida ni herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, na kasi ya herufi 17 kwa sekunde. Wakijibizana haraka, waweke pamoja, kila mmoja na kistari chake mwanzoni, yakae kwenye skrini sekunde 3.7 hivi. Ukiyaondoa kwa sekunde 2, watu watasoma la kanali tu na jibu litapotea. Jibu ndilo onyesho lenyewe!

Pale ambapo Kiingereza kimesema "she" bila ugomvi, usiongeze "mwanamke". Ukimtaja jinsia kila mara utamfanya kioja, na filamu haikumfanya hivyo.

Nyar_Ahero:
Fundi, hapo kwa "bwana" sikubaliani nawe. "Bwana" ni heshima, na sisi huitupia mtu yeyote tukiongea: "wacha bwana". Kanali anamdunisha. "Huyu jamaa haamrishi mtu hapa" ina herufi zile zile 30, na masikioni mwetu jamaa ni mwanamume, tena wa kawaida, si afisa. Itumie mara zote nne. Ukibadilisha neno, mtazamaji hatahisi kwamba anafanya makusudi.

Jihadhari na "huntha" pia. Huyo ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja, na sensa ya 2019 iliwahesabu peke yao. Transjenda ni jambo lingine. Na mwanajeshi akitukana kwa Kiingereza, mtukanishe kwa Kiswahili. Ukilisafisha tusi, maumivu ya luteni yatakosa sababu.

Fundi_Nakuru:
Umenishinda dada, "jamaa" ni bora.

Msomi_Kakamega:
Hadithi ni ya mwaka gani? Hapo ndipo wengi huharibu. Sheria ya jeshi la Marekani ya "Usiulize, usiseme" ("Don't Ask, Don't Tell") iliwalazimu mashoga, wasagaji na wanaopenda jinsia zote mbili kujificha, na ilikoma tarehe 20 Septemba 2011. Transjenda walizuiwa na kanuni za afya za jeshi, ambazo hazikuguswa siku hiyo. Ruhusa ya kutumikia bila kujificha waliipata tarehe 30 Juni 2016. Ukiandika "sheria ya makuchu (wapenzi wa jinsia moja) imefutwa" kwenye filamu ya kati ya miaka hiyo, umemweka luteni huru wakati bado anaweza kufukuzwa.

Na kabla ya kuionyesha hadharani, ipitie kwanza bodi ya kuainisha filamu. *Rafiki*, filamu ya Kenya ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Aprili 2018, na Septemba mahakama ikaifungulia siku 7 tu, kwa watu wazima.

Kondele_Manukuu:
Asanteni sana. Ni ya 2012. Mwenzake shoga anamwambia luteni "They repealed it" (wameifuta), naye anajibu "Not for me". Nilikuwa nimeandika "Si kwangu", ambayo haisemi kitu. Sasa naweka: "Yenu imefutwa. Yangu bado ipo." Herufi 30.