Asiyeumwa ameze dawa za TB bila eksirei? Tujadili

Mleta mada:
Wakuu, mtu akigundulika ana TB ya mapafu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka wanaoishi naye wachunguzwe, na wasio na ugonjwa wapewe dawa za kinga. Zamani walengwa walikuwa hasa watoto chini ya miaka 5 na wenye VVU, siku hizi wakubwa nao wamo. Sasa nenda zahanati ya kijijini ufungue rejesta. Safu ya wanakaya iko tupu, au imeandikwa "wameshauriwa waje". Waje vipi? Mtu hakohoi, hana homa, aache shamba atembee nusu siku akapimwe ugonjwa asiousikia mwilini?

Msimamo wangu: mhudumu aende nyumbani na dawa mkononi. Aulize kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Mwenye dalili apelekwe kupimwa, asiye nazo aanze kinga. Kukosa eksirei kusiwe kisingizio.

Mpinzani:
Mkuu, hapo kwenye "asiye nazo" ndipo unapoteleza. Tafiti za kitaifa za kupima watu kwenye makazi yao zimeonyesha kuwa karibu nusu ya wanaokutwa na TB hawasemi wana dalili yoyote. Huyo ukimpa isoniazidi, dawa ya kinga inayotumika sana, peke yake unatibu ugonjwa kamili kwa dawa nusunusu, na vijidudu vinazoea. Halafu dawa hiyo inaweza kuumiza ini. Akianza kutapika na macho kuwa ya njano huko kijijini, nani atamsimamisha dawa?

Muuguzi:
Nafanya kazi hii, niwaamue kidogo. Kwa watoto wadogo sisubiri eksirei. Mtoto wa miaka 2 hawezi kutoa makohozi, na TB ikimkamata inaweza kukimbilia kwenye utando wa ubongo. Akiwa anacheza, hana kikohozi wala homa, na uzito unapanda, namwanzishia.

Kinachonishinda ni maelezo. Kuna mama alimwaga dawa zote baada ya kuona mkojo wa mwanawe una rangi ya chungwa, akajua ni damu. Rifampisini, dawa nyingine ya kinga, hubadilisha rangi ya mkojo hivyo na rangi hiyo haina madhara, ila mimi sikumwambia. Kosa langu. Na isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6 wakubwa wengi wanaiacha njiani. Ile kinga ya mchanganyiko wa isoniazidi na rifapentini, mara moja kwa wiki, dozi 12 basi, wanaimaliza.

Mleta mada:
Asante dada. Mpinzani, tazama hili. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliahidi kinga kwa watu milioni 30 kufikia 2022. Lengo la wenye VVU, milioni 6, lilipitwa karibu mara mbili, maana wanafika kliniki kila mara. Wanakaya walitakiwa milioni 24, wakapata kama milioni 4. Hao ndio tuliokaa tukiwasubiri waje.

Mpinzani:
Watoto nakubali, nimeshindwa. Wakubwa bado. Eksirei za kubebeka zipo, zipitishwe vijijini hata kwa zamu, ndipo dawa zifuate. Na swali ambalo hamjaligusa: mhudumu akipiga hodi na begi lake, majirani wote wanajua kuna TB humo ndani. Mgonjwa aliulizwa kwanza?