Yoga ya kupumzika nyumbani: miguu ukutani, takia mgongoni, au sauti ya simu?

Mpishi wa Barani, Malindi
Salaam aleikum. Nashinda nimesimama jikoni hotelini, nikirudi usiku miguu mizito na usingizi hauji. Nataka yoga ya taratibu, si ya kutoka jasho. Niko kati ya matatu: kuegemeza miguu ukutani, kulala chali juu ya takia, au kujilaza tu nikifuata maelekezo simuni. Nina mkeka, godoro jembamba na leso tele. Lipi linafaa bila mwalimu?

Binti Shela
Waaleikum salaam dada. Kwa miguu, ukuta haushindwi. Kaa ubavu wako ukigusa ukuta, kisha geuka upandishe miguu huku mgongo ukilala chini. Nyuma ya mapaja kukivuta, jisogeze mbali kidogo na ukuta au kunja magoti. Dakika 5 hadi 15 zatosha. Ukimaliza lala ubavu kwanza, usiinuke ghafla ukashikwa na kizunguzungu.

Takia nalipenda zaidi kwa kifua na mabega, ila lina masharti. Haya ya barazani ni magumu na yamenyanyuka, kiuno kinabinuka. Bora ukunje lile godoro kwa urefu, lianzie juu ya makalio lifike kichwani. Chini ya kichwa weka leso iliyokunjwa, kidevu kisipande juu kuliko paji la uso. Kutanisha nyayo, magoti yafunguke pembeni, na kila goti lipate mto wake. Hapo ndipo wengi wanapokosea: magoti yakining'inia, nyonga zinafanya kazi muda wote. Ukisikia popote panavuta, ongeza mto.

Mzee wa Langoni
Wanangu, mwenye presha isiyotulia au glakoma, yaani presha ya macho, amuulize daktari kabla ya kupandisha miguu. Mja mzito wa miezi ya mwisho asikae chali muda mrefu, alale ubavu na mto katikati ya magoti. Nawe mpishi, kama ni mguu mmoja tu umevimba na unauma, nenda hospitali upesi.

Mpishi wa Barani, Malindi
Shukran babu. Ni yote miwili, na asubuhi huwa imepoa. Je, hiyo ya simu?

Mama Watamu
Mimi ndiyo yangu. Hiyo huitwa yoga nidra: unalala chali, mto chini ya magoti, sauti inakupitisha kiungo kwa kiungo mpaka akili itulie. Pakua mapema, data ikiisha katikati inaudhi. Zipo zenye nyimbo za dini ya Kihindu. Mimi nachagua za pumzi pekee, roho yangu inatulia hivyo. Msimu huu wa kaskazi mkeka juu ya saruji unapoza kuliko godoro, lakini jifunike leso, mwili ukitulia hupoa.

Na usione haya kutumia mito. B.K.S. Iyengar wa India alifundisha kwa mito, mikanda na viti, na mwanafunzi wake Judith Hanson Lasater wa Marekani ndiye aliyeieneza sana hii ya kupumzika.

Binti Shela
Mama amesema kweli. Ila kwa aliyesimama kutwa, bado nasema ukuta kwanza, sauti baadaye kitandani.

Mpishi wa Barani, Malindi
Basi ukuta usiku huu, godoro siku ya mapumziko. Nikishakula nisubiri?

Binti Shela
Kama masaa mawili hivi. Ukichelewa kurudi, fanya kabla ya kula.