Mada: Binti anaanza sheria Uingereza Septemba. Asome kabla, au aache?

Kutoka: Baba wa binti, Ujiji

Ndugu zangu wana Kigoma mlioko ughaibuni, habari za huko na za kazi.

Binti yangu amepata nafasi ya kusomea shahada ya sheria Uingereza, masomo yanaanza mwishoni mwa Septemba. Alimaliza kidato cha sita mwaka jana, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), akapita JKT Bulombora, na tangu hapo yuko nyumbani ananisaidia dukani. Kaka yake aliyesoma sheria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amemletea madesa yake yote, yaani notisi zake za chuo, sanduku zima. Anasema akiyameza haya kabla ya kuondoka hatahangaika mwaka wa kwanza. Wakati huohuo kuna watu wamempata kwenye simu, wanauza kozi ya intaneti ya kumwandaa mwanafunzi wa sheria, na bei yake imenitoa jasho.

Mama yake anasema mtoto ameshasoma vya kutosha, aachwe akae na bibi yake kabla hajaondoka. Mimi niko katikati. Mliopita njia hiyo nishaurini: ayasome madesa? Nilipie kozi? Hela yenyewe ni ya kupimia kwa kijiko.

Kutoka: Dada wa Kibirizi, Leeds

Shikamoo Baba, na hongera sana kwa malezi. Nimesomea sheria hukuhuku Uingereza na kazi yangu sasa ni kuwatetea wapangaji wanaofukuzwa kwenye nyumba, kwa hiyo nitasema ninachokijua bila kuzunguka.

Kozi usilipie. Atakachouziwa humo chuo kitampa Oktoba kwa ada ambayo umeshakubali kuilipa, na kitampa kwa mpangilio wa mwalimu yuleyule atakayemsahihishia mtihani.

Madesa ni jambo gumu kidogo kulisema, maana yametoka kwa kaka anayempenda. Lakini kwa sasa ayafunge. Sheria yetu na ya Waingereza ni ndugu, hilo ni kweli. Ya kwao ilipokelewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na mpaka leo mahakama zetu hunukuu hukumu za London. Ndiyo maana mtu hudhani ni kitu kimoja. Ukiingia ndani unakuta njia zilishaachana. Sheria yetu ya Mikataba ilitokana na ile ya India ya 1872, imepangwa kifungu kwa kifungu. Huko aendako, sehemu kubwa ya sheria ya mikataba imo ndani ya hukumu za majaji, lazima uitafute humo. Ardhi ndiyo usiseme. Kwetu, kwa zile sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Yeye atafundishwa mfumo wa umiliki ambao mhimili wake ni sheria ya mwaka 1925, na hautafanana na chochote alichokisikia Ujiji. Hata Katiba: yetu ya 1977 unaweza kuinunua ukaishika mkononi, Uingereza haina kitabu kimoja cha namna hiyo. Akikariri madesa miezi mitatu ataingia darasani na majibu sahihi ya nchi nyingine, na kuyaondoa kichwani ni kazi kuliko kuyaingiza.

Ayatunze lakini. Akitaka kurudi kuwa wakili nyumbani, shahada yake itabidi itambuliwe na TCU, ile tume ya vyuo vikuu, kisha apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo pale Dar. Hapo ndipo atakapolitafuta sanduku la kaka yake, na atamshukuru.

Sasa niseme kile ambacho natamani kila mzazi wa Kigoma angekijua. Vijana wetu wakikwama mwaka wa kwanza, mara nyingi si kwa sababu hawaijui sheria. Darasa zima haliijui. Wanakwama kwenye aina ya swali. Shuleni kwetu mtoto amezoea kuambiwa ataje sababu tano na kuzieleza. Huku atapewa kisa cha ukurasa mmoja, watu wanne wamegombana, halafu aambiwe: mshauri huyu. Sababu tano hakuna. Kuna yaliyotokea, kuna kanuni, kuna hoja ya upande huu na ya upande ule, na mwisho lazima aseme yeye mwenyewe anaona nani atashinda na kwa nini. Mtoto mwenye adabu, aliyelelewa kutombishia mkubwa, hapo hukaa kimya kwenye semina wiki baada ya wiki. Mwalimu anadhani hajasoma, kumbe amesoma kuliko wote.

Hilo analiweza kulifanyia mazoezi hapo nyumbani bila kulipa senti. Mpe kisa hiki. Mwenye boti, ambaye ndiye nahodha, amekubali kupakia saruji Kibirizi aifikishe Kagunga kwa laki tatu. Wakiwa njiani, boti inasimama kijiji kimoja na wasaidizi wawili wanashuka wasirudi. Wingu limeanza kutanda. Mwenye mzigo, ambaye yumo botini, anamwambia nahodha: "Fikisha kabla ya giza, nakuongeza laki." Mzigo unafika salama, mkavu. Asubuhi mwenye mzigo anatoa laki tatu tu: "Si ulishakubali kufikisha kwa bei hii? Laki nyingine ya nini?"

Binti aandike ukurasa mmoja wa kumtetea nahodha, ukurasa mwingine wa kumtetea mwenye mzigo, kisha nusu ukurasa kama yeye ndiye hakimu. Halafu akusomee. Wewe Baba ni mfanyabiashara, hoja nyepesi utaishika palepale. Mbishie kwelikweli, na umruhusu naye akubishie.

Akishaandika, si kabla, ndipo asome hukumu mbili. Ya kwanza ni Stilk v Myrick ya 1809. Meli imetoka London kwenda Baltiki, mabaharia wawili wametoroka, nahodha anawaahidi waliobaki kwamba atawagawia mishahara ya wale wawili wakiirudisha meli. Wameirudisha, wakanyimwa, mmoja wao akashtaki akashindwa, kwa kuwa walichofanya ni kazi ileile waliyokwisha kuahidi kuifanya. Hukumu yenyewe ni fupi mno, anaimaliza kabla chai haijapoa. Ya pili ni Williams v Roffey Bros, ya Mahakama ya Rufani mwaka 1989. Fundi seremala kwenye ukarabati wa nyumba za kupanga ameishiwa hela katikati ya kazi, mkandarasi anamwahidi nyongeza ili aendelee, kisha anageuka. Safari hii fundi ameshinda, maana mkandarasi alipata manufaa ya kweli kwa kazi kutosimama. Sasa muulize: boti ya Kagunga iko karibu na ipi kati ya hizi mbili, na kitu gani kwenye kisa kikibadilika utahama upande? Akiweza kubishana juu ya hilo nusu saa, amejiandaa. Na hizo hukumu mbili atakutana nazo tena mwaka wa kwanza, hakuna alichopoteza.

Mara moja kwa wiki inatosha. Siku zinazobaki akae na bibi yake. Mama yake yuko sahihi, na sisemi hivyo kumfurahisha.

Nguvu zako na hela yako viende kwenye viza, huko ndiko watu wanakokwama wakiwa na nafasi mkononi. Ada ya mwaka wa kwanza inayodaiwa na hela ya kujikimu lazima viwe vimekaa benki siku 28 mfululizo, visishuke hata siku moja. Ikiwa akaunti ni yako, utahitaji cheti chake cha kuzaliwa kinachokuonyesha wewe ni baba, na barua yako ya ridhaa. Kipimo cha kifua kikuu kinafanyika tu kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza, yaani safari ya Dar, hospitali ya hapo Maweni haitakubaliwa. Ipangeni mapema, treni ya Kigoma mnaijua.

Kutoka: Kaka wa Kasulu, Minnesota

Shikamoo Mzee. Nakubaliana na Dada kwa kozi na madesa, ila kwa "mara moja kwa wiki" naona amelegeza.

Mimi nimesoma huku Marekani, ambako sheria huisomi mpaka uwe na shahada nyingine kwanza. Mtindo wa darasa ni ule ulioanzishwa na mwalimu Langdell pale Harvard mwaka 1870: mwalimu hahubiri, anakuita kwa jina na kukuuliza kuhusu kesi mbele ya watu wote. Somo zima linaweza kuamuliwa na mtihani mmoja wa mwisho, na alama zinapangwa kwa kukulinganisha na wenzako. Uingereza hawabanwi hivyo, na vyuo vingi kule mwaka wa kwanza unatakiwa kufaulu tu, hauhesabiki kwenye daraja la shahada. Lakini kuna kitu kimoja ni kilekile pande zote mbili, nacho ni kasi.

Hukumu za kurasa hamsini zitakuja tatu kwa wiki kwa somo moja. Kijana aliyesoma kwa Kiingereza cha vitabu vya shule anasoma kila neno, anafungua kamusi, saa sita usiku yuko ukurasa wa tisa. Kwa hiyo kila siku asome Kiingereza kirefu, kitu chochote kilichoandikwa vizuri, nusu saa bila kamusi. Mahakama ya Juu ya Uingereza huweka mtandaoni, bure, muhtasari wa kila hukumu yake, kurasa mbili tatu hivi, bando dogo linatosha. Asome muhtasari mmoja, aufunge, amweleze mtu kwa Kiswahili ni nani alidai nini na kwa nini ameshinda. Amweleze hata bibi. Bibi akielewa, ujue binti ameelewa.

Na ajifunze kuchapa kwa vidole vyote kumi. Nasema hili kwa uzito. Vijana wetu wanachapa kwa kidole gumba kwenye simu, haraka kweli, kisha wanawekwa mbele ya kompyuta kwa mtihani wa saa tatu. Hoja wanazo, ila hazifiki kwenye karatasi. Stesheneri za hapo mjini zina kompyuta, ongea na mmoja amruhusu saa za jioni kwa bei nafuu. Ukiwa na hela ya kozi mkononi, itumie hapo.

Kutoka: Mama wa Mwanga, Kigoma

Wanangu, mimi si mwanasheria, nilikuwa karani wa mahakama mpaka nilipostaafu. Mnasahau kitu kilichopo hapa mlangoni. Mahakama ni ya wazi. Binti avae nguo ya heshima, azime simu, akae benchi la nyuma Mahakama ya Mwanzo, hakuna wa kumuuliza amefuata nini. Huko watu wengi hujisemea wenyewe, kwa Kiswahili, mambo ya mashamba ya michikichi, madeni, ndoa na mirathi. Atamwona mtu mwenye haki akishindwa kwa sababu hana shahidi wala karatasi. Nimeliona hilo mara nyingi na halikuacha kuniuma. Hakuna desa la kumfundisha mtoto hivyo.

Kutoka: Baba wa binti, Ujiji

Nawashukuru sana. Kozi nimeiacha leo. Kisa cha boti nimempa jana usiku, amenibishia mpaka mama yake akatuzimia taa. Yeye yuko upande wa nahodha. Anauliza mambo mawili: aanze na hukumu gani ya kwetu, aipate wapi? Na huko ataruhusiwa kufanya kazi?

Kutoka: Dada wa Kibirizi, Leeds

Mwambie mdogo wangu nimefurahi. Aanze na Bernardo Ephrahim v Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, Jaji Mwalusanya. Mama wa Kihaya ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mpwa wake anasema mila hazimruhusu mwanamke kuuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa, ya Wilaya ikatengua, Jaji akasema mila hiyo inagongana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, na uuzaji wa yule mama ukabaki halali. Ni nzuri kuanzia kwa sababu imepita mahakama tatu. Achore kwenye karatasi kila mahakama ilisema nini, kisha atafute ni sentensi zipi za Jaji zinazobeba uamuzi na zipi ni maelezo tu ya pembeni. Hukumu za kwetu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata za Mahakama Kuu Kigoma zimo.

Kazi anaruhusiwa, saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, asizidishe hata wiki moja maana viza itaharibika. Muhula wa kwanza ningemshauri asifanye kabisa kama mtaweza kumbeba. Na viza ana ruhusa ya kuomba mapema hadi miezi sita kabla ya masomo, kwa hiyo chuo kikishamtumia namba ya uthibitisho wa nafasi yake (CAS), msisubiri Agosti.